Mashine ya Bei Nafuu na Suruali ya Mume Wangu

Sijui nianzie wapi bila kujifunika uso, lakini kwa kuwa wengine wenu mmeshaisikia kwa watu wa mtaa wa Manika, tena imeongezwa chumvi mpaka haitambuliki (wapo wanaosema nilizimia, uongo mtupu, sikuzimia, ingawa kama ningeweza kuzimia pale ningezimia kwa moyo wote), basi bora muisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mama aliyesimama mbele ya bendera ya Zaïre asubuhi kweupe, barabara nzima ikimtazama, amevaa suruali ya kazi ya mume wake. Kama mnataka kucheka chekeni sasa, maana siku ile hakuna aliyeruhusiwa kucheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi.

Miaka ile tulikuwa tunakaa kambini Kolwezi, mume wangu Kalenga anafanya kazi kwenye karakana ya mgodi, na mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya kushona kwenye foyer, ile nyumba ambamo sisi wake wa wafanyakazi tulifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Cheti changu nilikitundika ukutani, na kila mgeni akiingia nilimkalisha pale anapokiona vizuri. Lakini cheti hakishoni nguo. Mashine sikuwa nayo. Mwenzangu Mama Feza, tuliyekaa naye benchi moja pale foyer, naye alikuwa na cheti na hana mashine, na tulikuwa tunapendana sana mpaka ile Jumapili kiongozi wetu wa kina mama wa parokia aliposimama baada ya misa akatangaza kwamba kwa sikukuu ya Mama Maria ya mwezi wa nane kina mama wote watavaa blauzi za namna moja, na kazi ya kuzishona atapewa yule kati yetu wawili atakayetangulia kupata mashine yake mwenyewe.

Tangu pale mimi na Feza tukaanza kusalimiana kwa adabu nyingi mno.

Haikupita wiki mbili, Kalenga akarudi kutoka kazini na habari. Tata (yaani Baba) Ramazani, yule mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, mwenye duka Manika na lori linalokwenda mpaka Kisenge, ameleta mashine ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu, ya bibi mmoja mzungu wa Kisenge aliyerudi kwao. Njiani meza yake imekwaruzwa na droo moja imepotea, basi ameikata bei karibu nusu. Nusu! Nilikuwa napepeta unga, nikaumwaga. Nilimrukia Kalenga shingoni mbele ya watoto, jambo ambalo halikuwa desturi yetu, naye akanitoa polepole akaweka kofia yake mezani.

"Mama Ilunga, ngoja kwanza. Kitu kinashuka bei vile juu ya nini?"

"Umesema mwenyewe, droo imepotea."

"Droo moja haiwezi kukata bei nusu. Iko na kitu ingine." (Kalenga alikuwa mtu wa namna hiyo, hata ukimpa samaki wa bure anamgeuza.) Akakaa, akafikiri, na mimi nilijua anachofikiria, maana kulikuwa na akiba yetu, na akiba ile ilikuwa ya kununua redio. Alikuwa ameshachagua mpaka mahali pa kuiweka. Mwishoni akanisukumia akiba ile, akasema, "Bon. Twala makuta, enda. Lakini usitoe mbele ya kuona na macho yako inashona kitambaa. Kitambaa, hapana karatasi. Unasikia?"

"Nasikia, tata."

"Kama haishone, unarudisha yote, mi nanunua redio yangu."

Usiku ule sikulala, nilishona kichwani blauzi za parokia nzima.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniua. Ilikuwa mwezi wa saba, na ninyi mnaujua mwezi wa saba wa Kolwezi, baridi inaingia kwenye mifupa, alfajiri ukitema maneno yanatoka na moshi. Nilitaka kufika dukani kabla ya mtu yeyote. Mwanamke aliyeolewa anafunga vikwembe, yaani vitenge, viwili, cha ndani na cha juu, hilo hata mtoto anajua, lakini cha ndani kilikuwa bado kibichi kwenye kamba, na nyuma ya mlango ilikuwa inaning'inia suruali ya kazi ya Kalenga, ya bluu, nzito, ya joto. Wiki ile alikuwa anaingia kazini mchana. Nikasema, ah, nitaivaa hii chini, juu nafunga kikwembe changu kipya, nani ataona? Na wakati ule, kwa ninyi mliozaliwa baadaye, mwanamke kuvaa suruali kulikuwa kosa, tulikuwa tumeambiwa ni tabia za kigeni, vijana wa Parti, kile chama kimoja cha serikali, wakikukamata nayo unavuliwa hapo hapo. Nilijua yote hayo. Nikaivaa, nikaikunja miguuni, nikatoka nikijisikia joto na akili nyingi.

Kipande cha kitambaa cha kujaribia mashine nilikisahau kitandani.

Nafika kwa Tata Ramazani nikihema, duka ndiyo kwanza linafunguliwa, na nani ninamkuta kwenye baraza anaizunguka mashine kama mtu anayenunua mbuzi? Mama Feza. Makuta yake, pesa zetu za wakati ule, ameyafunga fundo kwenye pindo la kikwembe cha juu, nililiona lile fundo, lilikuwa nono.

"Umeamka muzuri, Mama Ilunga?"

"Muzuri, Mama Feza. Na weye?"

"Muzuri tu. Umekuya kununua chumvi?"

"Chumvi, ndiyo," nikasema, na wote wawili tukaitazama mashine.

Ndugu zangu, ilikuwa nzuri! Kichwa cheusi kinang'aa, maua ya rangi ya dhahabu ubavuni, gurudumu linazunguka bila kelele. Mikwaruzo ya meza ilikuwepo, sikuiona. Tata Ramazani alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, kofia yake nyeupe kichwani, anatuangalia akifurahi moyoni, maana alishaelewa kila kitu.

"Bamama, mi sina mambo mingi," akasema. "Wa kwanza kusema 'natwala', ni yake. Nikisikia 'natwala', hata gavana akuye, simpe."

Lakini hakuna aliyesema. Feza alikuwa na hofu ile ile yangu, ya bei. Akainama akaangalia chini ya meza, akatikisa mguu mmoja, akasema kitu chenyewe kimelegea. Mimi nikasema labda chuma cha ndani kimekatika. Tata Ramazani akaapa kwamba inashona vizuri kuliko siku iliyotoka dukani, na kutuonyesha akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akaipitisha chini ya sindano. Nikakumbuka Kalenga. Kitambaa, hapana karatasi.

"Tata Ramazani, nipe kipande ya kitambaa nijaribie."

"Mama, mi nauza bitambaa. Kama natoa kipande kwa kila mutu, kesho ntavaa nini?"

Nikamgeukia Feza, naye akanicheka usoni. "Mi nikupe kitambaa, unitwalie mashini? Akili yako iko kweli?"

Basi nikakaa. Nikavuta kiti, nikaweka miguu kwenye kanyagio, nikachukua pindo la kikwembe changu nilichokivaa, ncha tu, ndogo tu, nikaiingiza chini ya sindano. Nikakanyaga.

Ninyi hamjui raha ile! Ilikwenda! Ilikwenda bila kugugumia, tak-tak-tak-tak, mshono umenyooka, umeshikana, juu safi na chini safi, na mimi ambaye pale foyer tulikuwa tunapokezana mashine moja wanawake kumi, kila mmoja dakika zake, nilikuwa peke yangu na mashine nzima, nikakanyaga tena, nikasema ngoja nione kona, nikapiga kona, nikasema ngoja nione kurudi, nikarudi, na kikwembe kinaingia, kinaingia, mpaka kiunoni nasikia kinanivuta kidogo na sijali. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilisikia pumzi ya Feza begani, ameinama anatazama, na nikajua naye ameona. Inashona! Nikafungua mdomo niseme lile neno.

Filimbi ikalia.

Filimbi ya bendera. Ofisi ya zone, yaani ya wilaya, ilikuwa ng'ambo ya barabara, na wakati ule filimbi ya bendera ikilia asubuhi hakuna mjadala, popote ulipo unasimama wima, mikono ubavuni, mdomo kimya, macho kwenye bendera. Mwenye baiskeli anashuka, gari linazimwa, mwenye beseni kichwani anaganda nalo. Ukitikisika, una kesi. Nilikuwa nimeizoea filimbi ile miaka yote, lakini siku hiyo nilikuwa mbali sana, nilikuwa peponi na mashine yangu, basi niliruka kama niliyemwagiwa maji, na mguu wangu ukapiga kanyagio kwa nyuma. Mwalimu wetu wa foyer alitukataza hilo kila siku: gurudumu lisirudi nyuma, likirudi nyuzi zinajifunga chini. Zikajifunga. Sindano ikazama kwenye kitambaa ikakaa humo.

Mimi nikasimama wima. Kikwembe kikabaki.

Sielewi hata leo kilivyofunguka kirahisi vile, fundo lililonichukua muda kulikaza nyumbani. Nilisikia tu kinateleza, nikasikia baridi inabisha hodi kwenye suruali, na mikono yangu iko ubavuni, imenyooka, vidole vimebana mapaja ya suruali ya Kalenga. Siwezi kuinama. Siwezi kukaa. Siwezi kujifunika. Bendera ndiyo kwanza inaanza kupanda. Tena ile suruali goti moja lilikuwa na kiraka nilichokishona mwenyewe, kimepinda, na nyuma, matakoni, imeandikwa kwa rangi nyeupe namba ya kazi ya mume wangu, kwa hiyo hata asiyenijua uso aliweza kwenda kuuliza karakana.

Barabara ilikuwa imejaa. Ni saa ya watu kwenda sokoni na kazini, wote wamesimama wima, wote kimya, na macho yote, badala ya kuangalia juu, yameshuka kwangu. Hakuna aliyethubutu kucheka. Niliona mabega yanatikisika. Niliona mzee mmoja amebana midomo mpaka machozi yanamtoka. Kulikuwa na mama mwenye beseni la viazi vitamu kichwani, alikuwa anajizuia kwa nguvu zake zote, lakini tumbo lilikuwa linamsaliti, na kila likimtikisa kiazi kimoja kinaanguka, pu! Kimya. Pu! Kingine. Tata Ramazani amesimama na kikombe chake mkononi, chai inamwagika taratibu kwenye kanzu. Na bendera inapanda, inapanda, sijawahi kuona nguzo ndefu namna ile.

Mnadhani nilikuwa nasali? Hapana. Niwaambie ukweli, maana leo nimeamua kusema wote. Nilikuwa nawaza mashine. Nilimwona Feza kwa pembe ya jicho, amesimama hatua mbili, na nilijua filimbi ya pili ikilia, mdomo utakaotangulia ndio utakaoshona blauzi za sikukuu. Mimi nimejaribu, yeye amefaidi kuona. Isingekuwa haki! Nikaanza kuuandaa mdomo. Nikalainisha ulimi.

Filimbi ya pili ikalia, na mimi, badala ya kujifunika, nikalikumbatia lile gurudumu kwa mikono miwili na kupaza sauti, "Natwala! Tata Ramazani, natwala! Natwala mashini!"

Barabara yote ikapasuka. Watu walicheka wakashika kuta, wengine wakakaa chini, viazi vilivyobaki vikamwagika vyote. Mimi nacheka nao kwa furaha, naapa, nilikuwa nacheka, nimeshinda, mashine ni yangu! Ndipo nikasikia mikono ya mtu kiunoni mwangu. Nikageuka. Alikuwa Feza. Alikuwa amekifungua kikwembe chake cha juu, amebaki na cha ndani, ananizungushia mimi haraka haraka, ananikazia fundo, na wala hakuwa ameitazama mashine. Na pindoni mwa kikwembe kile, pale pale pajani pangu, nikasikia kitu kigumu kinanigonga. Lilikuwa fundo lake la makuta.

Kabla sijasema kitu, kijana wa Parti akavuka barabara, kifua mbele, beji inang'aa, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa wakati ule.

"Citoyenne! Nimeona suruali. Fungua kikwembe."

Nikalishika fundo kwa mikono miwili. Feza akasimama katikati yetu.

"Suruali gani, citoyen?"

"Nimeiona na macho yangu. Ya bluu. Iko na namba nyuma."

"Uliiona wakati gani?"

"Sasa hivi, bendera ikipanda!"

"Ah bon," akasema Feza, na akapaza sauti barabara nzima isikie. "Bendera ya inchi inapanda, bantu bote banaangalia bendera, mi naangalia bendera, Tata Ramazani anaangalia bendera, na weye, citoyen, ulikuwa naangalia matako ya bibi ya bantu?"

Mnajua kicheko cha kwanza kilikuwa kidogo? Cha pili ndicho kilikuwa kicheko. Kijana wa watu akafungua mdomo, akaufunga, akatazama ofisi, akatutazama, akasema tusirudie tena, akavuka barabara akiwa amesahau kunyoosha kifua.

Tata Ramazani akaja na mkasi, akakata nyuzi chini ya sindano, akanipa kikwembe changu kina tundu la kupitisha ngumi. Nikalipa. Kisha nikalifungua lile fundo la Feza nikampa makuta yake, na sikuweza kumwangalia.

"Mama Feza, weye ungesema mbele. Ulikuwa karibu. Juu ya nini haukusema?"

Alikuwa anayahesabu kwa kidole bila kuinua kichwa. "Ningesema namna gani? Ulikuwa uchi mbele ya bantu."

"Nilikuwa na suruali."

"Ndiyo maana," akasema. "Enda kwako, baridi iko."

Mashine ilipelekwa kambini na mkokoteni, mimi nyuma yake nimevaa kikwembe cha mwenzangu. Kalenga nilimkuta mlangoni na suruali yake ya Jumapili, amegeuza nyumba nzima akitafuta ya kazi. Habari zilikuwa zimeshafika. Alitaka kukasirika, nikaona anajaribu, kisha akaketi kizingitini akacheka mpaka akachelewa kazi, na kule karakana walimwita "Citoyenne" miezi mitatu. Nami nikawasha moto, nikakifua kile kikwembe, nikakipiga pasi, nikaenda kwa Feza kukirudisha, nikamwambia kazi ya parokia tuifanye pamoja.

Akakataa. "Mi sitake kazi ya huruma. Nishonee blauzi moja kwanza, nione kama unajua."

Nilimshonea usiku na mchana, kwa ile haraka ya mtu anayetaka kusamehewa, na kola ikatoka upande mmoja juu, upande mwingine umelala. Nikamwambia nitaifumua. Hakunipa nafasi. Jumapili kina mama walipokusanyika uani mwa kanisa kupimwa, alikuja ameivaa, akakaa mbele kabisa, na wale wakaanza kutazamana, kunong'onezana, hii ndiyo mikono tutakayoipa vitambaa vyetu? Kiongozi akamuuliza nani amekushonea. Nikatamani nyuzi zijifunge tena, zinifunge mimi mdomo na macho.

"Ni Mama Ilunga," Feza akasema kwa sauti kubwa. "Mushono yake iko ngumu, hata uvute na ng'ombe. Kola hajue. Kola ntashona mimi."

Tulizishona zote, yeye kola, mimi mengine, na sikukuu ile tulipendeza mpaka wanaume wakatoka nje ya kanisa kututazama.

Tangu siku ile nimeapa, na nimeshika: siketi kwenye mashine bila kipande cha kitambaa mfukoni, na suruali sivai, hata siku hizi binti zangu wanavaa na hakuna wa kuwakamata. Watu wa Manika wakiniona bado wanacheka, wanasema mama wa bendera huyo, nami nacheka nao. Wanadhani ninachoonea aibu ni suruali, si lile fundo la Feza lililonigonga pajani. Nawaacha wadhani hivyo.